Angalia Unga, Usiangalie Maji

Mwanafunzi anayeanza utafiti wa kusafisha maji yenye rangi huwa na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni bika ya maji ya bluu, ya pili ni bika hiyohiyo ikiwa na maji meupe. Kilichofanya kazi katikati ya picha hizo ni unga wake alioutengeneza mwenyewe. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia hapa Arusha. Nawasha tanuru, natunza mashine, naagiza kemikali, na picha hizo nimeonyeshwa mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nauliza swali moja tu: unga wenyewe uko wapi, niuone?

Wengi hawana. Wameshaumwaga.

Ngoja kwanza nieleze tunachofanya. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba titaniamu dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani, ikimulikwa na mwanga wa urujuanimno inaweza kusaidia kuyapasua maji. Tangu hapo watu wameutumia unga huo na ndugu zake kwa kazi nyingi, mojawapo ikiwa kuvunja rangi za vitambaa zilizobaki kwenye maji machafu. Mwanga ukiugonga, elektroni hutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni huikimbilia oksijeni iliyoyeyuka majini. Pengo nalo huyanyang'anya maji elektroni. Katika purukushani hiyo huzaliwa radikali za haidroksili, vijichembe vyenye njaa kali ya elektroni, ambavyo hushambulia karibu kila kitu chenye kaboni kinachopita jirani. Molekuli ya rangi humeguliwa kipande kwa kipande na, mambo yakienda vizuri, hubaki kaboni dayoksaidi, maji na chumvichumvi za salfeti na naitreti.

Mambo yakienda vizuri. Yote niliyojifunza kwenye kazi hii yako ndani ya maneno hayo matatu.

Tatizo la kwanza kila mtu analijua: titaniamu dioksaidi ya aina ya anatasi inahitaji mwanga wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 388 hivi, na kwenye jua letu mwanga wa namna hiyo ni asilimia nne au tano tu. Kwa hiyo wanafunzi wengi hukimbilia unga wa njano uitwao kaboni nitraidi, ambao unafanya kazi mpaka kwenye mwanga wa nanomita 460. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unatokana na urea. Unaijaza kwenye kikombe cha kauri, unafunika, unachoma kwa nyuzi 550, na harufu ya amonia inakukumbusha kwamba feni ya kutolea hewa haikuwekwa pale kwa mapambo. Ukiweka gramu 20, shukuru ukipata gramu moja. Gesi zinazotoka wakati urea inaungua ndizo zinazoutoboatoboa unga, ukatoka mwepesi unaopeperushwa na pumzi. Melamini, kemikali nyingine inayoweza kuchomwa badala ya urea, inatoa unga mwingi zaidi, lakini mzito na wenye matundu machache. Kwa maabara isiyo na fedha nyingi mimi nashauri urea, hata kama mavuno yake yanakatisha tamaa.

Kwa titaniamu njia ya kupata matundu ni nyingine. Unachanganya kemikali yenye titaniamu na polima inayojipanga yenyewe kwenye vijipande vidogo sana, unaacha ikauke polepole, kisha unaichoma hadi polima yote iondoke na nafasi zake zibaki wazi. Hapa ndipo subira inapopimwa. Tanuru ipande nyuzi moja kwa dakika. Ukiipandisha haraka kwa sababu gari la kurudi mjini linaondoka saa kumi na moja, kuta zinapasuka. Ukiivusha nyuzi 450 ukaenda 700, matundu yanajifunga na anatasi inaanza kugeuka rutili, aina nyingine ya titaniamu dioksaidi, na unachotoa tanuruni ni unga wa kawaida uliougharamia sana. Umeme nao ukikatika katikati ya safari, hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika sampuli yako imeishia wapi. Tunaandika pembeni mwa daftari saa ulipokatika na saa uliporudi, halafu sampuli hiyo inatengwa.

Kwa nini watu wanahangaikia matundu kiasi hicho? Kwa sababu kila kitu kinatokea kwenye uso wa unga. Gramu moja ya unga mzuri wenye matundu inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 160, ambalo ni sawa na uwanja mzima wa mpira wa wavu. Matundu yenyewe ni ya nanomita 2 hadi 50, na molekuli ya methilini bluu, ile rangi ya bluu tunayofanyia majaribio, yenye urefu wa nanomita moja na nusu hivi, inaingia humo bila kubisha hodi.

Inaingia na kukaa. Mwanga uwepo au usiwepo.

Hilo ndilo jambo ambalo matokeo mazuri ya wanafunzi hulificha. Unga ukiwa hauna matundu, rangi inayonata ni kidogo, na ikipungua majini unaweza kuamini kwamba imevunjika. Ukishautengeneza ukawa na matundu, umetengeneza vitu viwili kwa mpigo: kivunjaji na kinasaji. Na kinasaji kina kasi zaidi. Dakika za mwanzo maji yanafifia vizuri sana, grafu inashuka kwa mteremko wa kupendeza, na taa inapewa sifa zisizo zake.

Dawa inajulikana, ila inafanywa kwa haraka. Kabla ya kuwasha taa, mchanganyiko unakorogwa gizani. Karibu kila andiko linasema nusu saa, kwa hiyo kila mwanafunzi anaweka nusu saa. Sijui nusu saa hii imeandikwa wapi kama amri. Unga wenye matundu membamba unaendelea kunasa rangi baada ya hapo, kwa sababu molekuli zinachukua muda kufika ndani kabisa. Utaratibu tuliouweka ni kupima mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane, ichukue nusu saa au ichukue asubuhi nzima. Kuna kijana aliona namchelewesha makusudi. Unga wake ulikuwa wa matundu mengi kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na ulipotulia gizani zaidi ya nusu ya rangi ilikuwa imeshatoka majini. Iliyobaki ndiyo taa ilipaswa kushughulika nayo. Alikasirika kidogo, akaanza grafu yake upya kuanzia hapo.

Bika lazima ziwe tatu. Moja ina rangi na mwanga bila unga, ya pili ina rangi na unga bila mwanga, ya tatu ina vyote. Ile ya kwanza watu huiona ya kupoteza muda, lakini methilini bluu ukiianika peke yake kwenye jua la Arusha la mwezi wa kwanza inapauka yenyewe. Na kama taa yako ni ya halojeni, maji yanapata joto, yanapungua kwa mvuke, na rangi iliyobaki inakolea. Huo nao ni uongo, ila wa upande wa pili. Tunazungushia maji baridi.

Sasa kuhusu unga. Kazi ikiisha, usiumwage. Uchuje, uutandaze kwenye karatasi nyeupe, uuangalie. Ukiwa umeanza mweupe ukaishia bluu, rangi imehama makazi tu. Halafu uuoshe kwa ethanoli yenye tone la asidi, na uipime ethanoli ile: rangi iliyotoka humo uitoe kwenye hesabu ya ile unayosema umeivunja. Kipimo hiki kinahitaji kichupa kimoja na dakika chache, na kimebadilisha sura za tasnifu kadhaa ninazozifahamu.

Aliyeliweka swali hili vizuri kuliko msimamizi yeyote wa utafiti ni mama mmoja wa kikundi cha batiki. Tulikuwa tumeomba maji yao machafu kwa ajili ya majaribio, akayaleta mwenyewe kwenye dumu. Mwanafunzi wa wakati huo, binti mchangamfu, alimsalimia shikamoo, akamkaribisha kiti na kutaka kumwonyesha kazi. Alikuwa na kichupa kilichofungwa vizuri, ndani yake methilini bluu, titaniamu dioksaidi, na kemikali ya EDTA aliyoiweka ili kujua mapengo yanafanya nini kwenye mmenyuko. Akaweka chini ya taa. Bluu ikaondoka kwa kasi ambayo hata mimi niliigeukia.

"Imekwenda wapi?" akauliza mama.

"Imevunjika, Mama. Mwanga umeivunja."

Mama akakichukua kichupa, akakigeuza dirishani. "Mwanangu, kwetu ukitia haidrosalfaiti na kostiki soda kwenye beseni, rangi ya bluu nayo inakuwa hivihivi, haijulikani iko wapi. Kitambaa unakitoa hakieleweki. Kikipata hewa, inarudi. Hebu kifungue hicho."

Binti akafungua, akatikisa. Taratibu, kuanzia juu, maji yakaanza kuwa bluu.

Wanaotengeneza batiki wanalijua jambo hili kwa mikono. Rangi nyingi wanazotumia haziyeyuki majini mpaka zipewe elektroni, na haidrosalfaiti ndiyo inayozigawa. Rangi ikishazipokea inabadilika, inayeyuka, inapenya kwenye nyuzi za pamba. Hewa ikifika, oksijeni inazichukua elektroni na rangi inajitokeza tena ikiwa imeshajifungia ndani ya kitambaa. Kwenye kichupa cha binti, EDTA ilikuwa imeziba mapengo, oksijeni ilikuwa imekwisha, na elektroni za titaniamu zikakosa pa kwenda isipokuwa kwenye molekuli ya rangi. Molekuli ilikuwa nzima kabisa, imelala tu. Toka siku hiyo hakuna jaribio linalofanyika bila kupuliziwa hewa, na kila sampuli inayotolewa inatikiswa wazi kwa muda kabla ya kupimwa.

Nikiwa bado kwenye methilini bluu niseme neno. Rangi hii imependwa na maabara zetu kwa sababu ipo kila mahali, ni rahisi, na macho yanaifurahia. Ina historia yake nzuri pia. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliijaribu kama dawa kwa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin. Upo hata utaratibu wa kimataifa wa kupimia nyuso zinazofanya kazi kwa mwanga kwa kutumia rangi hii, ISO 10678 wa mwaka 2010, lakini utaratibu huo unatumia mwanga wa urujuanimno. Ukija na taa ya kawaida mambo yanachanganyika, kwa sababu rangi yenyewe inakula mwanga huo. Ikishaula, inaisukumia elektroni titaniamu ambayo haikuuona mwanga wowote, na kwa kitendo hicho inajimaliza. Mwanafunzi anaandika kwamba unga wake unafanya kazi kwa mwanga wa kawaida. Mpe fenoli, ambayo haina rangi na si rahisi ijichimbie kaburi namna hiyo, uone kama unga utafanya chochote. Kaboni nitraidi mara nyingi hufanya, ingawa kwa kujikokota. Titaniamu peke yake inabaki karibu imetulia.

Rodamini B, rangi nyingine ya majaribio, ina vituko vyake. Inaanza na wekundu wa pinki, inaishia na umanjano wa kijani unaong'aa, na ukiwa umeitegesha mashine ya kupimia rangi isome nanomita 554 tu, unasoma karibu sifuri na kufurahi. Kumbe kilele kimesogea kuelekea 498. Molekuli imepoteza mikono yake minne ya ethili, ila kiwiliwili chenye rangi kipo palepale. Kwa hiyo siku hizi sikubali namba moja. Chora mstari wote, kuanzia urujuanimno hadi mwisho wa wekundu, kwa kila sampuli. Mara nyingi utaona bonde ulilolitarajia, na pembeni, kwenye urujuanimno, kilima kipya ambacho hukukialika: vile vipande.

Hapo bado hujapima kaboni. Rangi huondoka mapema kwa sababu inatosha kuvunja sehemu moja ya molekuli ili jicho lisione kitu, huku kaboni nyingi ikibaki majini. Mashine ya kupima kaboni yote ni ghali, sisi hatuna. Tunapima oksijeni inayohitajika kuunguza vilivyobaki, kwa vichupa vya daikromati, ambavyo ni sumu na vinahitaji chombo chake cha taka. Ndiyo, unachafua kidogo ili kujua umesafisha kiasi gani. Sijapata njia ya kulikwepa hilo.

Tulipolifungua dumu la mama, masomo yote ya maji safi ya maabara yalianza upya. Kostiki soda ilikuwa imepandisha pH, kipimo cha uasidi na ualkali, juu ya 11. Maji yalikuwa na chumvi, mabaki ya nta na haidrosalfaiti ambayo haijaisha nguvu. Yalikuwa meusi kiasi kwamba taa iliishia sentimita ya kwanza, maana rangi ikiwa nyingi yenyewe inakuwa pazia linaloufunika unga. Na kuna jambo la chaji ambalo sikuona likitajwa vya kutosha: titaniamu dioksaidi kwenye maji yenye pH ya juu ya 6 na kidogo inabeba chaji hasi. Methilini bluu ina chaji chanya, inavutwa. Rangi nyingi za viwandani na za beseni zina chaji hasi, zinafukuzwa. Unga uliosifiwa kwa methilini bluu unakutana na maji halisi na haushiki kitu. Uwanja wako wa mpira wa wavu hauna hata mchezaji.

Ongeza na maji yetu ya hapa. Ukanda wa Meru unajulikana kwa floraidi inayovuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa kazi hii adui mkubwa ni baikaboneti, ambayo iko tele kwenye visima vya huku. Inazidaka radikali za haidroksili kabla hazijaifikia rangi. Jaribio lilelile lililomaliza kazi kwa maji safi ya maabara linaburuta miguu kwa maji ya bomba la nje. Ndiyo maana kila mwanafunzi sasa anarudia angalau jaribio moja kwa maji ya bomba, hata kama msimamizi wake yuko nchi nyingine na hajaona sababu.

Unga wenyewe ukishamaliza kazi, unautoaje? Chembe za nanomita 20 hazituami, na sentrifuji ya maabara, ile mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi ili unga utuame, haiwezi kuhudumia pipa. Kundi moja la wanafunzi lilichukua mawe ya povu ya Rungwe, yale mepesi ya volkano ambayo watu husugulia visigino, wakayapaka titaniamu na kuyachoma. Yanaelea, kwa hiyo yanakaa karibu na jua, na ukimaliza unayaopoa kwa mkono. Kasi ilishuka sana ukilinganisha na unga, kwa sababu matundu ya jiwe ni makubwa mno kuongeza eneo la maana, na ukiyakoroga kwa nguvu ngozi inabanduka. Wengi waliona hayo ni matokeo mabaya. Mimi nayapenda kuliko mengine yote ya maabara yetu. Jiwe linalofanya kazi kwa siku nzima na kubaki jiwe ni bora kuliko unga unaofanya kazi kwa saa moja halafu unakwenda mtoni pamoja na maji.

Kwenye kikundi cha batiki tuliishia na mpangilio ambao haumsisimui mtu yeyote anayetafuta kuchapisha. Maji ya beseni yanamwagwa kwenye pipa na kukorogwa na hewa, haidrosalfaiti inaisha nguvu, na sehemu kubwa ya rangi inarudi kwenye hali ya kutoyeyuka, kama alivyosema mama. Yanapunguzwa ukali kwa asidi, yanatiwa shabu, yanaachwa usiku kucha. Asubuhi maji ya juu, yaliyobaki na rangi nyepesi, yanapelekwa kwenye sinia pana lenye mawe ya povu juani. Mwezi wa sita na wa saba mawingu yakitanda yanakaa siku mbili au zaidi. Mwanafunzi aliyekuwa na kazi hiyo alinung'unika kwamba kichocheo chake, yaani titaniamu ya kwenye mawe, kimepewa kiti cha nyuma kabisa. Kweli kimepewa, na kwenye maji ya namna ile sioni kiti kingine kinachokifaa.

Kinachobaki ni tope la chini ya pipa, ambalo mwanga hauligusi. Tunalianika na kulifunga kwenye viroba nyuma ya karakana ya kikundi, kwa sababu baadhi ya rangi za vitambaa zimetengenezwa kwa shaba au kromiamu na hatutaki mtu alimwage shambani. Mwanafunzi wa mwaka huu amepewa viroba hivyo apime metali kwanza, na kaboni nitraidi aliyokuja nayo iko kabatini inamsubiri.